Hamira yangu inang'aa, kingamwili yangu haishiki

SWALI: "Shikamoo Profesa. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Natafuta kingamwili ya protini moja ya binadamu inayokaa juu ya seli za neva. Tulichanja sungura wawili, mara nne kila mmoja, hatukupata kitu. Msimamizi wangu akasema tuachane na wanyama, tutumie hamira. Tulipata maktaba ya nanobodi (vipande vidogo vya kingamwili) iliyoko ndani ya hamira, tukabandika biotini, kibandiko kidogo kinachonaswa na protini iitwayo streptavidini, kwenye kipande cha nje cha protini yetu, nikavua mara mbili kwa chembe za sumaku zenye streptavidini, kisha mara mbili kwa mashine ya kuchambulia seli nikitumia streptavidini yenye rangi. Raundi zote protini ilikuwa nanomola 500. Mwishoni zaidi ya nusu ya seli ziling'aa! Nilisoma DNA ya makoloni kumi, saba ni aina moja. Nikaihamishia nanobodi hiyo kwenye bakteria, nikaisafisha, nikaipima kwa ELISA, kipimo cha kuona kama inashika protini iliyobandikwa kwenye sahani: sifuri. Nimerudia mara tatu. Mwenzangu mmoja anasema hamira haina kinga ya mwili, kwa hiyo haiwezi kutoa kingamwili ya kweli. Wa pili anasema sukari za hamira ndizo zinazoharibu. Wa tatu anasema nihamie kwenye hamira mpya zinazojibadilisha zenyewe. Nimebakiwa na miezi saba. Nifanye nini?"

JIBU: Marahaba, na pole kwa hizo ELISA tatu. Nashukuru umeandika hatua zako zote bila kuruka, maana jibu limo humo humo. Nianze na ninachoshuku ili usisubiri hadi mwisho: nadhani hamira yako imefanya kazi yake vizuri kabisa, ila imekuletea nanobodi inayoshika streptavidini badala ya protini yako. Ulikwenda kuvua, samaki akang'ata chubwi akaacha chambo. Siwezi kuapa mpaka upime, na kipimo chenyewe ni cha siku chache tu, nitakieleza. Lakini kwanza tuwajibu wenzako, kwa sababu ushauri wao ukiufuata ulivyo utakula miezi yako saba.

Wa kwanza anasema hamira haina kinga ya mwili. Hapo kasema kweli. Hamira haina seli B (zile zinazotengeneza kingamwili), haina tezi za limfu, wala haijawahi kuhitaji kingamwili maishani mwake. Kosa lake ni kudhani kwamba kingamwili ni kitu cha pekee kinachoweza kutoka kwenye mwili wenye kinga tu. Kingamwili ni protini, na protini ni jeni iliyosomwa na kutekelezwa. Seli yoyote inayoweza kukunja protini ile kwa usahihi itakutengenezea, mradi umeipa jeni. Tena hamira, nayo ni Saccharomyces cerevisiae, ileile inayoumua mkate, inafanana nasi kwa mpangilio wa ndani kuliko watu wanavyodhani. Ina kiini. Ina karakana ya utando ambamo protini zinazokwenda nje hukunjwa, hufungwa madaraja ya salfa, na kukaguliwa. Zilizokunjika vibaya nyingi huzuiwa mlangoni. Bakteria hana karakana ya namna hiyo, na jambo hili tutalirudia tukifika kwenye ELISA yako.

Tofauti kubwa kati ya mwili na chupa yako ya hamira iko kwa anayechagua. Uboho wako unatoa seli B zisizohesabika, kila moja ikiwa na kingamwili yake iliyounganishwa kwa kubahatisha vipande vya jeni. Antijeni, yaani kitu kinachoshikwa na kingamwili, ikiingia, zile zinazoishika hata kidogo hukusanyika kwenye tezi za limfu na kuanza kugawanyika. Hapo kuna kimeng'enya kiitwacho AID ambacho huziharibu jeni za kingamwili makusudi, kwa kasi ya takriban kosa moja kwa kila herufi elfu moja katika kila mgawanyiko, mara milioni hivi zaidi ya makosa ya kawaida ya seli. Watoto wengi wanaozaliwa humo ni wabovu. Wachache wanashika vizuri kuliko mama zao, wanapata msaada wa seli T, wanaishi, waliobaki wanakufa. Hakuna aliyefundishwa kitu. Sasa angalia maabara yako: aina nyingi zimo kwenye maktaba, kuzaliana ni kazi ya hamira, na kuchuja ni kazi yako. Wewe ndiye tezi ya limfu. Ukichuja kwa kigezo kisichokuwa ulichokikusudia, hamira itakutii bila kukuonya.

Na hapa nimtetee msimamizi wako, kwa kuwa nahisi umeanza kumnung'unikia. Protini nyingi za neva hazijabadilika sana kati ya mamalia. Kama yako ni ya kundi hilo, sungura anaiona ni yake mwenyewe, na seli zake B zinazoshika vitu vya mwili wake ziliuawa au zilinyamazishwa zamani kabla hujamchoma sindano ya kwanza. Ungemchanja mara kumi ungepata yaleyale. Hamira haina cha kwake wala cha mgeni. Kwa protini ya aina hiyo, kuhama kutoka kwa mnyama kwenda kwenye maktaba ni uamuzi sahihi, na mimi ningeufanya kabla ya sungura wa pili.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Mwaka 1997 Eric Boder na Dane Wittrup, wakiwa Chuo Kikuu cha Illinois, walionyesha njia ya kuianika kingamwili juu ya ukuta wa hamira. Walichofanya ni kuazima gundi ya ndoa. Hamira ina jinsia mbili, a na alfa, na zinapotaka kuungana hunatana kwa protini maalumu. Upande wa a kuna protini iitwayo Aga1 iliyotia nanga kwenye ukuta wa seli, na nyingine ndogo, Aga2, iliyofungwa kwenye Aga1 kwa madaraja mawili ya salfa. Boder na Wittrup waliunga kipande cha kingamwili kwenye mkia wa Aga2. Kinapotoka nje ya seli kinabaki kimening'inia ukutani, nakala makumi elfu kwa seli moja, huku jeni yake imo ndani ya seli hiyohiyo kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachojitegemea. Ukikamata seli kwa kile inachoshika, umekamata na maandishi yake. Kuna maktaba za siku hizi zinazotumia nguzo nyingine badala ya Aga2, lakini wazo ni lilelile.

Jeni yenyewe imewekwa chini ya swichi ya galaktosi. Kwenye glukosi inalala, seli zinazaliana kwa amani. Ukizihamishia kwenye galaktosi inaamka. Hili si pambo. Kubeba protini ngeni ni mzigo, na kama swichi ingebaki wazi wakati wote, seli zilizotupa mzigo zingezaliana haraka kuliko zilizoubeba, ukajikuta na chupa iliyojaa wavivu. Ukiona hata baada ya galaktosi sehemu kubwa ya seli hazionyeshi chochote, usishtuke. Ni kawaida, kwa sababu baadhi zimepoteza plasmidi. Ndiyo maana tunapaka rangi mbili. Rangi ya kwanza inashika alama iliyounganishwa na nanobodi, nayo inakuambia seli hii imeanika nakala ngapi. Rangi ya pili inakuambia imeshika antijeni kiasi gani. Usiitazame ya pili peke yake. Seli iliyoanika nakala nyingi za nanobodi dhaifu inaweza kung'aa kuliko seli yenye nakala chache za nanobodi kali. Unachotafuta ni uwiano wa hizo mbili, na kwenye picha ya mashine zinazofaa zinajitenga kwa mshazari juu ya wenzake. Barua yako haisemi kama ulipaka rangi ya kwanza, na hilo limenitia wasiwasi kidogo.

Sasa kosa lenyewe. Ulianza na sumaku, na ulipaswa kuanza hivyo. Chukulia maktaba ina aina milioni mia moja. Ili usizipoteze unahitaji kupitisha angalau mara kumi ya idadi hiyo, yaani seli bilioni moja. Mashine inayochambua seli elfu kumi kwa sekunde ingechukua zaidi ya saa ishirini na saba bila kupumzika. Chembe za sumaku zinamaliza kazi hiyo asubuhi moja. Lakini sumaku ina tabia yake. Streptavidini ina mashimo manne ya kushika biotini, chembe moja imefunikwa nayo tele, na hamira imeanika nanobodi makumi elfu. Vitu viwili vyenye mikono mingi vikikutana hushikana hata kama kila mkono ni dhaifu. Umewahi kupita kwenye kishona nguo? Mbegu moja unaipukuta kwa kidole. Mia zikikushika suruali, utakaa chini uzing'oe moja moja. Kwa hiyo raundi za sumaku huleta kila aina ya washikaji: wa protini yako, wa streptavidini, wa biotini na kiungo chake, wa plastiki, na wale wanaonata kila mahali.

Hao wote ni wa kawaida na haikuwa kosa lako kuwapata. Kosa ni kwamba hukuwatoa. Raundi nne zote ulitumia streptavidini, mara mbili kwenye sumaku, mara mbili kwenye rangi. Nanobodi inayoshika streptavidini ilipata zawadi mara nne. Inayoshika protini yako ilipata zawadi mara nne pia, ila ilishindana kwa haki kama tu kwa bahati nguvu zake zilikuwa sawa na za mwenzake, na tena kwa sharti kwamba kubandika biotini hakukuharibu pale inaposhikia. Zaidi ya hayo, hukushusha kiwango. Nanomola 500 ni nyingi. Kanuni unaijua: kiwango cha antijeni kikilingana na kipimo cha mshiko cha nanobodi, nusu ya nanobodi zinakuwa zimeshika; kipimo hicho kikiwa kidogo, mshiko ni mkali zaidi. Kwenye 500, nanobodi ya nanomola 5 na ya nanomola 50 zote zimejaa karibu kabisa. Mashine haiwezi kuzitofautisha, na wewe huwezi. Ukishuka hadi 100, halafu 20, halafu 5, dhaifu zinaachwa nyuma. Makoloni saba kati ya kumi kuwa ya aina moja ni ushahidi kwamba mchujo wako ulikuwa mkali. Swali ni mkali juu ya nini.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu muhula mzima nikiisherehekea nanobodi ambayo baadaye iligundulika inapenda streptavidini. Nilikuwa nimeshaipa na jina. Kwa hiyo sikucheki.

Kipimo ni hiki. Chukua koloni moja ya ile aina iliyojirudia mara saba, ikuze kwenye glukosi, ihamishie kwenye galaktosi kwa nyuzi 20 hadi siku ya pili, kisha igawe kwenye mirija. Mrija wa kwanza usipakwe chochote, huo ni wa kuiweka mashine sawa. Wa pili upakwe rangi ya alama na streptavidini yenye rangi, bila antijeni hata tone. Wa tatu uwe kamili: alama, protini yako yenye biotini, streptavidini. Wa nne uwe na protini nyingine yoyote isiyohusiana na yako, lakini iliyobandikwa biotini kwa njia ileile. Wa tano uwe kama wa tatu, ila kwanza uimwagie seli protini yako isiyo na biotini, mara ishirini au zaidi ya ile yenye biotini, uiache ikae, ndipo uongeze yenye biotini. Fanya yote kwa hamira ya koloni hilo, halafu rudia kwa hamira iliyobeba nanobodi nyingine inayojulikana kushika kitu tofauti. Ukiikosa, tumia mchanganyiko wa maktaba ambao haujachujwa.

Mrija wa pili ukiwaka, kesi imekwisha: ni streptavidini. Usipowaka lakini wa nne ukawaka, nanobodi yako inashika kiungo cha biotini au inanata ovyo, na ya kunata ovyo ni mbaya zaidi kwa sababu itakudanganya kila utakapoitumia. Wa tano ndio ninaoupenda kuliko yote. Protini isiyo na biotini inapaswa kuzikalia nafasi zote na kuuzima mwanga. Kama mwanga haupungui, basi nanobodi inatambua kitu ambacho kipo tu baada ya kubandika biotini, na kwenye ELISA isiyo na biotini ungepata kile ulichopata. Ukipata muda, soma pia maeneo ya ushikaji kwenye DNA yako. Ukiona asidi amino za histidini, prolini na glutamini zimefuatana, hiyo ni saini ya zamani ya peptidi zinazoshika streptavidini. Isipokuwepo haikutoi hatiani, lakini ikiwepo usipoteze muda kubishana nayo.

Kuna uwezekano mwingine ambao lazima niuseme kwa haki: pengine wa pili na wa nne itakuwa safi, wa tatu utawaka, na wa tano utazimika. Hapo nanobodi yako ni nzuri na tatizo limetokea baada ya kuitoa kwenye hamira. Ningeangalia mambo mawili. La kwanza ni bakteria. Nanobodi ina daraja la salfa ndani yake, na ndani kabisa ya seli ya kawaida ya E. koli madaraja hayo hayafungiki vizuri; lazima uielekeze nanobodi kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili. Hukusema uliielekeza wapi. Ukiwa umeizalisha ndani ukaitoa kwenye uvimbe wa protini zilizoganda, unaweza kuwa na chupa ya protini safi kabisa, yenye uzito sahihi, isiyo na umbo. La pili ni ELISA yenyewe. Ulipoimwaga protini yako kwenye sahani ya plastiki, ilijibandika, na protini nyingi zikijibandika kwenye plastiki hufunguka. Nanobodi mara nyingi hutambua umbo lililokunjwa, kona na mashimo, kuliko mfuatano ulionyooka. Ishike protini kwa upole, kwa mfano kwa kuiweka yenye biotini juu ya sahani yenye streptavidini (ukishahakikisha nanobodi haishiki streptavidini!), au pima kwenye seli hai zinazoibeba.

Hapo ndipo tunamjibu mwenzako wa pili, wa sukari. Ana nusu ya ukweli. Hamira hubandika minyororo ya sukari aina ya manosi, mirefu kuliko yetu, kwenye protini zinazotoka nje, pale inapoona asparajini, kisha asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Kwa kingamwili nzima ya IgG hili ni jambo zito, kwa kuwa ina sukari kwenye shina lake, kwenye asparajini ya 297, na sukari hiyo ndiyo inayoamua jinsi seli za kinga zinavyoisoma. Ila nanobodi haina shina. Ni kipande kimoja cha kilodaltoni 15 hivi, sehemu ya kumi ya IgG, kilichotokana na kingamwili za ajabu za jamii ya ngamia zisizo na minyororo myepesi, ambazo watafiti wa Ubelgiji walizitangaza mwaka 1993. Kwa hiyo sukari itakuhusu tu kama ule mfuatano wa asparajini umetokea ndani ya maeneo ya ushikaji. Uangalie. Ukiwepo, hamira ilikuwa inaonyesha nanobodi yenye sukari na bakteria wamekupa isiyo na sukari, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Usipokuwepo, mwambie mwenzako asante. Na kama anadhani hamira haiwezi kutoa kingamwili ya kutibu watu, mwambie eptinezumabu, dawa ya kuzuia kipandauso iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hutengenezwa ndani ya hamira aina ya Pichia. Wao tatizo la sukari walilimaliza kwa kuiondoa nafasi ya kubandikia.

Mwenzako wa tatu ndiye anayenipa shida, kwa sababu anachokisema ni kizuri na kinavutia. Hamira ya kawaida hukosea kunakili takriban herufi moja katika kila bilioni kumi. Jeni ya nanobodi ina herufi mia tatu na sitini hivi. Ukisubiri ibadilike yenyewe utazeeka. Kwa hiyo desturi ni kuichukua jeni, kuinakili kwa PCR (njia ya kunakili DNA ndani ya mrija) iliyoharibiwa makusudi ili ikosee, kisha kuirudisha kwenye hamira, ambayo ina kipaji cha kuunga vipande vya DNA vyenye ncha zinazofanana. Ndivyo Boder na Wittrup walivyofika, mwaka 2000, kwenye kipande cha kingamwili kilichoshika rangi iitwayo fluoresini kwa femtomola 48 (femtomola ni sehemu ya milioni ya nanomola), mshiko ambao mwili wenyewe haufikii. Kazi hiyo ina mikono mingi, na kila mzunguko ni wiki kadhaa.

Maabara ya Chang Liu, Chuo Kikuu cha California, Irvine, ilitafuta njia ya kuiachia hamira kazi hiyo. Waliazima plasmidi ndogo iliyonyooka, asili yake hamira ya maziwa Kluyveromyces lactis, ambayo haikai kwenye kiini. Inaelea nje yake na ina kimeng'enya chake cha kunakili ambacho hakigusi DNA nyingine. Wakakiharibu kimeng'enya hicho kiwe mzembe, kikosee herufi moja katika kila laki moja, huku jenomu ya hamira ikibaki salama. Kwa seli milioni mia moja, hesabu hiyo inakupa mamia ya maelfu ya mabadiliko mapya ya nanobodi kila kizazi, bila wewe kugusa kitu. Mwaka 2021, wakishirikiana na maabara ya Andrew Kruse wa Harvard, walitangaza mfumo uitwao AHEAD: hamira inaianika nanobodi na kuibadilisha wakati uleule. Kwa mizunguko kati ya mitatu na minane walipata nanobodi za virusi vya korona zilizoshika chini ya nanomola moja, nyingine zikiwa zimeboreka hadi mara 580 kuliko zilivyoanza. Mchakato mzima unaweza kuchukua wiki mbili tu. Ni kazi nzuri sana.

Lakini fikiria ungeiweka nanobodi yako ya sasa humo. Baada ya wiki mbili ungekuwa na nanobodi bora duniani ya kushika streptavidini. Mfumo wa kubadilisha haraka unaharakisha chochote unachokichagua, makosa yako yakiwemo. Huo ni wa kuutumia ukishakuwa na nanobodi ya kweli iliyo dhaifu unayotaka kuikaza, na ukiwa na mtu wa kukufundisha, kwa kuwa aina hizo za hamira hazitunzwi kama za kawaida. Kwa miezi saba, na shahada ya uzamili, sikushauri kuanzia hapo. Na nikuulize: unahitaji mshiko wa namna hiyo? Kama lengo ni kuiona protini chini ya darubini, nanomola 10 safi, isiyonata ovyo, inakutosha kabisa.

Ningefanya hivi. Rudi nyuma, usiende mbele. Hamira za raundi ya nne zimeshatawaliwa na mshindi mmoja, na kumwondoa humo ni kama kuchambua mchele ambao mawe ni mengi kuliko punje. Hamira za raundi ya kwanza ya sumaku bado zina aina nyingi, na wale unaowataka wamo, wachache lakini wamo. Kabla ya kuwapa antijeni, pitisha seli kwenye chembe za sumaku zenye streptavidini tupu, uzitupe zinazonasa, uchukue zilizopita. Rudia mara mbili. Kisha badilisha ndoano kila raundi: mara streptavidini, mara kingamwili inayoshika biotini, na kwenye mashine, ukiweza, tumia protini yako iliyobandikwa rangi moja kwa moja bila biotini, raundi moja rangi hii, raundi nyingine rangi ile. Atakayeshinda katika hali zote hizo ana sababu moja tu ya kushinda. Shusha kiwango kila raundi. Kuanzia raundi ya tatu weka protini isiyohusiana, isiyo na alama, kwa wingi, ili wanaonata ovyo washughulike nayo. Na kila mwisho wa raundi fanya ule mrija wa pili, usio na antijeni. Ni dakika arobaini. Gandisha sehemu ya kila raundi, andika tarehe na kiwango.

Ukishindwa kwa njia hiyo, nitakushauri maktaba ya faji, yaani virusi vya bakteria vinavyoanika kingamwili juu yao, kabla ya kukushauri mnyama tena. Njia hiyo ilianza na George Smith mwaka 1985, na iliwapatia yeye na Greg Winter sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2018. Maktaba zake ni kubwa kuliko za hamira, hufika bilioni makumi, ila huoni kila seli inavyoshika kama unavyoona kwenye hamira, na kinga ya kuzuia protini zilizokunjika vibaya ni hafifu. Kumchanja ngamia au lama kunaleta nanobodi nzuri ajabu, lakini naye ni mamalia, na protini yako ikiwa haijabadilika atakugomea kama sungura. Usifanye hivyo kwa matumaini tu.

Kuna mambo siwezi kuyatatua kwa maandishi. Mtafute fundi anayeendesha mashine ya kuchambulia seli, umpelekee mafaili ghafi ya raundi zako mbili, siyo picha ulizopamba, mkae pamoja mtazame uliweka mipaka wapi. Nimeona mipaka iliyochorwa juu ya seli zilizogandamana mbili mbili, na hakuna maelezo ya barua yanayoweza kugundua hilo. Zungumza na msimamizi wako wiki hii, kabla ya kipimo, umwambie unashuku nini. Kumwambia baadaye ni vigumu zaidi. Kwa upande wa usalama, hamira yako ni jamii ya ile ya mkate na imedhoofishwa isijilishe yenyewe bila virutubisho unavyoipa, kwa hiyo haina hatari kubwa, lakini ni kiumbe kilichobadilishwa jeni: haionjwi, haimwagwi sinki ikiwa hai, na maktaba mpya au mabadiliko ya aina ya plasmidi yapitie kamati ya usalama wa kibiolojia ya chuo chenu kwanza. Na siku yoyote mtu akikuuliza kama nanobodi hiyo inaweza kuchomwa kwa mgonjwa, mpeleke kwa watu wa maendeleo ya dawa. Kati ya kushika kwenye hamira na kuingia kwenye mshipa wa mtu kuna miaka ya kazi ambayo si yako.

Jumatatu, basi, toa mirija miwili kwenye friji: ile koloni ya aina iliyojirudia mara saba kwa ajili ya kipimo, na hamira zilizogandishwa baada ya raundi ya kwanza. Ya nne iache ilale. Mirija mitano ikiwa imesomwa niandikie, hata kama matokeo yananiumbua.